Sura ya Nne: Joto Kwanza, Kisha Maji, Chakula Mwisho

Swali ambalo wafugaji wa mijusi huuliza mara kwa mara, na ambalo huulizwa pia na watu wasiofuga bali wameokota kinyonga aliyelegea kando ya shamba, ni hili: je, mjusi ambaye macho yamemtumbukia, ngozi imekunjamana na hata kichwa hawezi kukiinua, anaweza kupona, au hana budi kuachwa afe? Jibu ni kwamba anaweza kupona, na wengi hupona, iwapo anayewahudumia atafuata utaratibu unaokubaliana na maumbile yao. Hoja kuu ya sura hii ni kuwa mjusi aliyepungukiwa maji mara nyingi haangamizwi na kiu peke yake. Huangamizwa na haraka ya mwokozi wake, ambaye humsukumia maji na chakula kabla mwili haujawa tayari kuvipokea.

Mifano mingi katika sura hii imetoka katika mazingira ya Gulwe, wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma, kwa sababu nchi kavu ya uwanda wa kati wa Tanzania inaonyesha wazi kuliko mahali pengi jinsi mjusi anavyoishi na maji machache, na jinsi maisha hayo yanavyovurugika mara tu anapofungiwa.

Nchi kavu na mijusi wake

Gulwe ni kituo cha Reli ya Kati, ile iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mto Kinyasungwe unaopita hapo huleta mafuriko wakati wa masika, nayo mafuriko hayo yameikata reli kati ya Kilosa na Gulwe zaidi ya mara moja, lakini wakati wa kiangazi mto huohuo hubaki mchanga mtupu kwa sehemu kubwa. Mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayosalia ni ya jua, upepo na vumbi, huku usiku wa Juni na Julai ukiwa na baridi.

Hata hivyo, mijusi wamejaa katika nchi hii. Juu ya mawe makubwa huonekana mjusi wa miambani anayeitwa kisayansi *Agama dodomae*, aliyeelezwa na mtaalamu wa wanyama watambaao Arthur Loveridge mwaka 1923. Katika vichaka hukaa kinyonga mwenye mikunjo ya ngozi shingoni, naye kenge hupita akitafuta mayai, wadudu na mizoga. Wanyama hawa huweza kuishi majuma mengi bila kuona dimbwi la maji, kwa kuwa hupata maji kutoka katika miili ya wadudu wanaowala, hulamba umande alfajiri, na hujificha kwenye nyufa na mashimo saa za jua kali.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mjusi wa porini huishi kwa kuchagua. Akihitaji joto hupanda juu ya jiwe. Akizidiwa hushuka kivulini. Akiona hewa imekauka mno huingia shimoni, ambako unyevu umehifadhika. Mjusi aliyefungiwa ndani ya boksi, au kinyonga aliyefungwa uzi mguuni na watoto, amenyang'anywa machaguo hayo yote, na ndiyo maana anaweza kukauka ndani ya nyumba yenye ndoo tano za maji, ilhali mwenzake aliye mwambani yu mzima.

Kinachotokea mwilini maji yanapopungua

Upungufu wa maji mwilini ni hali ambapo mwili hupoteza maji na chumvichumvi nyingi kuliko unavyopata. Kwa mjusi, hali hii ina sura mbili ambazo binadamu hana.

Sura ya kwanza inahusu joto. Mjusi ni mnyama ambaye watu humwita wa damu baridi, yaani mwili wake hautengenezi joto la kutosha bali hulipata kutoka nje. Anapokuwa baridi, moyo hupiga polepole, utumbo husimama, kinga ya mwili hudhoofika, na chochote kilichomo tumboni hukaa bila kusagwa hadi kioze.

Sura ya pili inahusu figo. Binadamu hutoa taka za protini kwa njia ya urea, ambayo huyeyuka kwenye maji na kutoka kama mkojo. Mjusi hutoa asidi ya yuriki, yaani taka nzito isiyohitaji maji mengi, ambayo huonekana kama ute au chembe nyeupe pembeni mwa kinyesi chake. Huo ni ubanaji mzuri wa matumizi ya maji, lakini una hatari yake: kama vile Kinyasungwe unavyotupa mchanga wake njiani maji yanapopungua nguvu, ndivyo damu iliyopungukiwa maji inavyoacha chembe za asidi ya yuriki ndani ya figo na kwenye viungo. Ugonjwa huo ni jongo, na figo zilizoharibiwa nao aghalabu hazirudi katika hali yake ya mwanzo.

Kutokana na mambo haya mawili hupatikana utaratibu wote wa tiba. Maji yanayopewa mjusi aliye baridi hayafyonzwi ipasavyo, kwa hiyo joto hutangulia. Chakula cha protini kinachopewa mjusi aliyekauka huongeza asidi ya yuriki ambayo figo hazina maji ya kuitolea, kwa hiyo maji hutangulia chakula.

*Kwa ufupi: mjusi baridi hawezi kutumia maji, na mjusi mkavu hawezi kuhimili chakula.*

Dalili za kutazamwa

Mhudumu anatakiwa kumchunguza mjusi katika mwanga wa kutosha, bila kumbana kifua, kwa sababu mjusi hana kiwambo cha misuli kinachosaidia kupumua kama binadamu, na kifua kikibanwa pumzi hukatika. Dalili kuu ni hizi:

1. Macho kutumbukia. Kwa kinyonga, ambaye macho yake kwa kawaida yametokeza kama koni, dalili hii huonekana mapema.
2. Ngozi ya ubavuni ikivutwa taratibu kwa vidole viwili, hubaki imesimama badala ya kurudi mara moja.
3. Mate kuwa mazito na yenye kunata, yakitengeneza nyuzi mdomo unapofunguka.
4. Sehemu nyeupe ya kinyesi kugeuka ya manjano au rangi ya chungwa, ikawa ngumu kama chokaa.
5. Gamba la zamani kung'ang'ania mwilini, hasa kwenye vidole na ncha ya mkia, ambako likikaza huzuia damu.
6. Kufumba macho mchana. Kinyonga anayelala mchana kweupe ni mgonjwa, hata kama rangi yake inapendeza.

Mijusi wengine kwa asili yao wana ngozi iliyolegea, hivyo dalili ya pili peke yake haitoshi kutoa uamuzi. Dalili mbili au tatu zikionekana pamoja, kazi ianze siku hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: kurudisha joto

Mjusi awekwe kwenye boksi la katoni lenye matundu ya hewa, lililotandikwa kitambaa safi au karatasi, na boksi hilo liwe na pande mbili: upande mmoja wenye joto na mwingine wenye ubaridi kiasi. Sababu ya kuweka pande mbili ni kumrudishia mgonjwa uwezo wa kuchagua, kwa maana yeye ndiye anayejua zaidi joto analolihitaji.

Penye umeme, balbu ya kizamani ya nyuzi, yenye wati 40, ikining'inizwa nje ya boksi hutoa joto la kutosha. Balbu za kisasa za LED hutoa mwanga bila joto linalohitajika. Pasipo umeme, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa kinene na kubadilishwa kila inapopoa hufanya kazi hiyohiyo. Jiko la mkaa lisisogezwe karibu, kwa kuwa hewa yake ni sumu kwa mapafu madogo.

Joto linalofaa hutofautiana. Mjusi wa miambani mwenye afya huota jua hadi mwili ukapata nyuzi 35 au zaidi, lakini mgonjwa aliyekauka hatakiwi kufikishwa huko haraka, kwani joto kali humpotezea maji machache aliyobaki nayo. Nyuzi 28 hadi 30 upande wa joto, zikipandishwa polepole kwa saa kadhaa, zinamtosha kwa siku ya kwanza. Kinyonga huhitaji pungufu kidogo ya hapo, pamoja na tawi la kushikilia, kwa sababu akilazwa chini hupoteza nguvu nyingi akihangaika.

Kosa linaloua kwa haraka kuliko yote ni kumwanika mgonjwa juani ndani ya chombo cha kioo au ndoo ya plastiki. Jua la saa sita la Gulwe hugeuza chombo kama hicho kuwa tanuri kwa dakika chache, na mjusi aliyedhoofika hana pa kukimbilia.

Hatua ya pili: kurudisha maji

Mjusi akishapata joto, ataanza kuinua kichwa au kutoa ulimi. Hapo ndipo maji yanapoanza, kwa njia inayolingana na aina yake.

*Mjusi wa miambani, kenge mdogo na jamii zao.* Hawa hufaidika na kuogeshwa. Beseni liwekwe maji ya uvuguvugu ya nyuzi 28 hadi 30, yasiyozidi kina cha viwiko vya miguu ya mbele, na mjusi akae humo dakika 15 hadi 20 akiwa ameshikiliwa kidevu. Wengi huanza kunywa wenyewe baada ya dakika chache. Mgonjwa asiachwe peke yake hata kidogo, kwa maana mjusi asiye na nguvu ya kuinua shingo huzama kwenye kina cha sentimita mbili.

*Kinyonga.* Huyu hatumbukizwi majini, na mara nyingi bakuli la maji lililotulia hatalitambua kuwa ni maji. Porini hunywa matone yanayoteremka kwenye majani. Basi tawi lenye majani mabichi lisimamishwe mbele yake, na chupa iliyotobolewa tundu dogo iangushe tone moja moja juu ya majani kwa nusu saa hadi saa nzima. Mara ya kwanza anaweza kutazama tu. Kisha macho yake mawili, ambayo kwa kawaida kila moja huzunguka kivyake, yataelekea kwenye tone lilelile, na taya litaanza kutafuna taratibu.

*Asiyekunywa mwenyewe.* Tone huwekwa kwenye ncha ya pua au pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na kusubiriwa hadi alilambe ndipo la pili lifuate. Maji yasisukumwe ndani ya mdomo kwa nguvu, kwa sababu tundu la njia ya hewa la mjusi liko karibu sana, kwenye shina la ulimi, na maji yakiingia humo huleta nimonia, ambayo humuua siku chache baadaye wakati mhudumu akidhani tiba imefaulu.

Kiasi nacho kina mpaka. Madaktari wa wanyama hukadiria mililita 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ikikumbukwa kwamba mililita 1 ni takriban matone 20, hesabu inakuwa hivi:

- Mjusi wa gramu 20: matone 4 hadi 12 kwa siku.
- Mjusi wa gramu 50: matone 10 hadi 30 kwa siku.
- Mjusi wa gramu 100: mililita 1 hadi 3 kwa siku.
- Kenge wa kilo 1: mililita 10 hadi 30 kwa siku.

Kiasi hicho kigawanywe mara tatu au nne. Mtu anayemmiminia kinyonga kijiko kizima kwa mkupuo mmoja anampa kwa dakika moja maji yaliyostahili kugawanywa kwa siku nyingi.

Wengi huuliza kama pakiti ya ORS inayouzwa madukani kwa ajili ya watoto wanaoharisha inaweza kutumika. Inaweza, kwa uangalifu. Nguvu ya mchanganyiko huo ilionekana mwaka 1971 katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, ambako daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na sukari na kuokoa maisha ya watu wengi sana. Siri yake ni kwamba glukosi, yaani sukari nyepesi, husaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, nayo chumvi huvuta maji kuifuata. Kwa mjusi, pakiti huchanganywa na lita 1 ya maji safi kama ilivyoelekezwa, kisha mchanganyiko huzimuliwa tena kwa maji ya kiasi kilekile, utumike siku hiyo tu, na ubaki ndani ya mpaka wa matone uliotajwa. Soda, maziwa, asali na maji ya sukari tupu havifai.

*Kwa ufupi: kwa mjusi aliyekauka, tone linalolambwa lina thamani kuliko kijiko kinachomiminwa.*

Hatua ya tatu: kurudisha chakula

Chakula kisubiri hadi dalili za kukauka zipungue, macho yakajaa na mjusi akatoa kinyesi chenye weupe laini. Kwa kawaida hali hiyo huchukua siku mbili hadi nne, na subira hiyo haimdhuru, kwa kuwa mjusi mzima huweza kukaa bila kula kwa muda mrefu zaidi ya huo.

Ipo sababu nyingine ya kutoharakisha. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu, ukipewa chakula kingi ghafla, huvuta madini ya fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu na kuyaingiza kwenye seli kwa kasi, na moyo unaokosa madini hayo unaweza kusimama. Madaktari waliliona jambo hili kwa binadamu waliokombolewa wakiwa na njaa kali mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, nalo huwapata wanyama pia.

Mlo wa kwanza uwe mdogo: panzi mmoja mchanga au mchwa wachache, kisha kusubiri hadi kesho. Wadudu waokotwe mahali pasipopuliziwa dawa za kilimo, kwa sababu panzi wa shamba lililopuliziwa hubeba sumu inayotosha kumaliza mgonjwa. Kumbikumbi wa mvua za kwanza wana mafuta mengi, hivyo wasubiri hadi mjusi apate nguvu. Wadudu wengi wana upungufu wa kalsiamu, madini yanayojenga mifupa, kwa hiyo wapakwe unga wa maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa laini.

Kalsiamu haifanyi kazi bila vitamini D3, ambayo mijusi wa mchana huitengeneza kwenye ngozi kwa msaada wa miale ya urujuanimno ya jua. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo, hivyo dakika 20 za jua la asubuhi nje, ndani ya kizimba cha wavu chenye kivuli upande mmoja, ni tiba ambayo nyumba haiwezi kuitoa.

Kufuatilia maendeleo

Chombo chenye thamani kubwa kuliko dawa yoyote ni mizani ndogo ya kidijitali inayopima gramu. Mjusi apimwe kila asubuhi saa ileile na uzito uandikwe, kwa kuwa jicho hudanganywa na matumaini. Uzito unaopanda polepole huku macho yakijaa ni dalili njema. Uzito unaoendelea kushuka baada ya siku mbili za maji unaonyesha kwamba kukauka ni matokeo ya ugonjwa mwingine, kama vile minyoo, kuziba kwa utumbo, mayai yaliyokwama au figo zilizoharibika.

Mgonjwa apelekwe kwa daktari wa wanyama bila kuchelewa iwapo:

1. Anapumua akiwa ameachama mdomo ilhali hana joto kali, au anatoa mapovu puani.
2. Hajaweza kulamba tone hata moja kwa siku nzima.
3. Taya limelainika au miguu imepinda na kutetemeka.
4. Hajatoa kinyesi wala weupe wowote baada ya siku nne za maji.

Wakazi wa Gulwe wako karibu na mji wa Mpwapwa, ambako kazi ya utafiti wa mifugo ilianza mwaka 1905, na kwenye Reli ya Kati hiyohiyo, mjini Morogoro, kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinachofundisha madaktari wa wanyama. Si kila daktari amezoea mijusi, lakini kila daktari anaweza kupokea kumbukumbu za uzito na matone zilizoandikwa vizuri, na kumbukumbu hizo humrahisishia kazi kuliko maelezo ya mdomo.

Usalama wa watu, na wajibu kwa mnyama

Mijusi hubeba bakteria wa salmonela wasiowadhuru wao lakini wanaoweza kuleta kuhara kukali kwa binadamu. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, beseni lake lisitumike jikoni, na watoto walio chini ya miaka 5 wasimshike. Kenge huuma na kuparura, hivyo ashikwe kwa kitambaa kizito. Kinyonga hana sumu yoyote, na hofu inayowafanya watu wampige mawe haina msingi katika maumbile yake.

Wanyamapori nchini Tanzania wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kwa hiyo anayemwokota mjusi wa porini aliyedhoofika amjulishe ofisa wanyamapori wa wilaya, na akishapona arudishwe palepale alipookotwa, mahali anapojua mashimo na vivuli vyake.

Wajibu huu unaonekana kwa uchungu katika biashara haramu. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Hata hivyo, Januari 2021 maofisa wa forodha wa Austria walitangaza kuwa wamekamata uwanja wa ndege wa Vienna vinyonga 74 waliotoka Tanzania, wakiwa wamefichwa ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Waliopona walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn, watatu hawakupona. Ndani ya soksi hakuna umande, wala jani, wala nafasi ya kusogea, na safari hiyo ni ukaushaji wa makusudi wa viumbe hai. Anayenunua mjusi bila kuuliza alikotoka anashiriki katika kuwakausha wengine wengi ambao hatawahi kuwaona.

Muhtasari wa sura

- Mjusi hukauka akifungiwa kwa sababu amenyimwa uwezo wa kuchagua joto, kivuli na unyevu.
- Joto lirudi polepole kwa saa kadhaa, na boksi liwe na upande wa kukimbilia.
- Maji yafuate, kwa kuogeshwa au kwa matone, bila kuzidi mililita 30 kwa kilo kwa siku na bila kulazimishwa kooni.
- Chakula kije mwisho, kidogo kidogo, figo zikishapata maji ya kufanyia kazi.
- Mizani na daftari ndivyo mashahidi wa kweli wa kupona.
- Mjusi wa porini aliyepona arudi porini.

Hakuna hatua kati ya hizi inayohitaji fedha nyingi. Kinachohitajika ni mhudumu atakayevumilia siku nne za matone bila kutamani njia ya mkato, na uvumilivu wa namna hiyo umo ndani ya uwezo wa mtu yeyote anayeamini kwamba uhai mdogo nao unastahili kutunzwa.